Baridi Iliyokaa Vidoleni

"Usiichane hiyo barua, Baba Gilles! Ukiichana, naondoka humu ndani!"

"Uende wapi? Nje ni digrii kumi na tano chini ya ziro. Uende wapi, hebu niambie?"

"Naenda kwa Truphosa. Ghorofa ya sita. Huko hakuna baridi, na hakuna mtu wa kunipigia kelele!"

"Nani anapiga kelele? Mimi? Mimi naongea tu!"

Lakini alikuwa anapiga kelele. Hata jirani wa chini aligonga dari lake kwa fimbo ya ufagio. Ilikuwa Januari 2011, saa kumi jioni, na nje giza tayari. Hapa kwetu Norsborg wakati wa baridi jua linatoka kama mgeni mwenye haraka. Linasalimia, linaondoka.

Jina langu Gilles. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule nilikuwa nimemaliza, kazi sijapata, kwa hiyo ugomvi wote wa nyumbani ulinikuta nimekaa. Baba yangu ni Anastase, anasafisha mabasi kwenye gereji. Mama yangu ni Gaudiose, anapika kwenye jiko la shule ya chekechea. Sisi ni Warundi. Kiswahili tulikiokota kambini Kibondo, kule Tanzania, tukaja nacho mpaka Sweden.

Barua ilitoka shuleni kwa mdogo wangu Belyse, mwenye miaka kumi. Aliyeiandika ni nesi wa shule. Alisema vidole vya Belyse vimepinda na ni vifupi kuliko inavyotakiwa. Alisema mtoto anaandika polepole na mikono inamuuma. Aliwaomba wazazi wampeleke kwa daktari wa mikono, na waeleze mkono uliumia lini na vipi.

Hayo maneno mawili, lini na vipi, ndiyo yalimchoma Baba.

"Unaona wanavyouliza?" alisema. "Wakishajua, wanawaita watu wa ustawi wa jamii. Socialen! Unawajua wale? Wanachukua watoto. Wewe umesahau mtoto wa yule Mrundi wa Hagsätra?"

"Ile ni habari ya mtaani," Mama akasema. "Hata jina la mtoto huyo hulijui."

"Silijui kwa sababu walimchukua!"

"Ah! Toka hapa na akili zako."

"Na wewe! Nani alimkanda Belyse? Ni mimi niliyemkanda?"

Mama akakaa kwenye kiti. Baba naye akaona maneno yake yameingia ndani kuliko alivyotaka.

Belyse alikuwa mlangoni pa chumba chake. Mikono ameificha ndani ya mikono ya sweta, kama kawaida yake. Akasema kwa Kiswidi, "Det är mina fingrar." Baba akajifanya hakusikia. Basi akarudia kwa Kiswahili, polepole:

"Ni vidole vyangu. Mnagombania vidole vyangu na hakuna anayeniuliza."

Akafunga mlango. Mama akachukua barua mkononi mwa Baba, akapanda ngazi kwenda ghorofa ya sita.

Sasa ngoja niwaambie ilianzaje.

Tulifika Sweden Desemba 2005. Belyse alikuwa na miaka mitano, mimi kumi na nne. Baridi yenyewe hatukuijua. Kambini baridi ni kitu cha asubuhi, ukiwasha moto inakwisha. Theluji kwetu ilikuwa mchezo.

Siku moja mwezi wa kwanza nilimpeleka Belyse kwenye kilima nyuma ya maghorofa. Watoto walikuwa wanateleza. Sisi tulitumia sinia la plastiki. Belyse alivaa glavu za kusuka, zile zenye vidole vitano. Zililowa maji mapema tu. Tukaendelea. Tukateleza saa mbili nzima.

Mwanzoni alilia kwamba vidole vinamuuma. Nikamwambia, "Vumilia, tunateleza mara moja tu." Baadaye akasema, "Gilles, haviumi tena." Mimi nikafurahi. Nikasema, safi, amezoea.

Kumbe pale ndipo nilipotakiwa kumbeba na kukimbia.

Tulipofika nyumbani vidole vyake vilikuwa vyeupe na vigumu kama mshumaa. Ukivigusa, hasikii. Mama alishtuka. Akafanya kile ambacho mama yeyote wa kwetu angefanya. Kwetu mtu akiteguka mguu, unamkanda. Mwanamke akijifungua, unamkanda. Maumivu ya kila aina, dawa ni maji ya moto, chumvi, kitambaa, na mikono yenye nguvu. Mama akachemsha maji. Akachovya kitambaa, akakamua, akamkanda Belyse vidole. Akavisugua sana damu irudi.

Belyse alipiga ukelele ambao mpaka leo nausikia.

Kesho yake yakatoka malengelenge makubwa. Mama akataka kwenda hospitali. Baba akakataa. "Hatuna hata wiki sita nchini hapa," alisema. "Watasema tumemchoma mtoto." Basi tukakaa. Malengelenge yakakauka, ngozi ikabambuka, ngozi mpya ikaja. Kanisani tukatoa shukrani. Tukajua yamekwisha.

Miaka ikapita. Kila baridi ikianza, vidole vya Belyse vinauma kabla ya vya mtu mwingine yeyote. Alipofika miaka minane tukaona kucha zake ni ndogo. Alipofika tisa, kidole cha mwisho kilianza kupinda kuelekea pembeni. Ncha za vidole zikabaki fupi, kama za mtoto mdogo. Hakuweza kufunga vifungo vya koti akiwa nje. Kanisani watu wakipiga makofi, yeye anaimba tu.

Mama akaanza kumkanda tena kila jioni, anyooshe kidole. Baba akachukua vijiti vya aiskrimu, akakifunga kidole kabla ya kulala. Asubuhi kilikuwa kimevimba. Hakuna aliyesema kwa sauti kwamba ni ile baridi. Maana mtu anajiuliza, baridi gani hiyo inayokula vidole baada ya miaka mitano?

Truphosa alishuka na Mama siku ileile ya barua. Yeye ni Mkenya, amekaa Sweden miaka mingi, anafanya kazi hospitali kama muuguzi. Alikuja na kandambili na kitenge, chai yake bado mkononi.

"Shemeji, habari ya jioni," alimwambia Baba. "Nimesikia mnapigana vita huku chini. Hata kule juu tumejua nani anashinda."

Baba alicheka kwa shida. "Karibu, dada."

"Belyse, mama, kuja hapa. Nionyeshe mkono. Kama hutaki, sema hutaki."

Belyse alimwangalia kidogo. Halafu akatoa mkono kwenye sweta, akauweka mezani. Truphosa hakuukanda, hakuuvuta. Aliuangalia tu, akamwambia akunje vidole, akunjue. Akagusa kila ncha, akauliza, "Hapa unasikia? Na hapa?"

"Kidogo. Kama nimevaa glavu," Belyse akasema.

"Ukiwa na baridi?"

"Vinakuwa vyeupe. Halafu vinauma. Halafu vinaungua."

Truphosa akatuangalia sisi. "Huyu mtoto aliganda vidole akiwa mdogo. Si ndiyo?"

Mama akaangalia meza.

"Haiwezi kuwa baridi," Baba akasema. "Ile ilipona. Ngozi ilirudi nzuri kabisa. Na kama ni baridi, mbona kidole gumba ni kizima? Baridi ilikiogopa?"

"Swali zuri," Truphosa akasema. "Gilles, kunja ngumi kama mtu anayesikia baridi."

Nikakunja ngumi.

"Kidole gumba kiko wapi?"

Nikaangalia. Kilikuwa ndani. Vidole vinne vilikuwa vimekizunguka.

"Watoto wote wanafanya hivyo," alisema. "Gumba linalala ndani, wenzake wanne wanabaki nje kama askari wa zamu. Wale wanne ndio wanaopigwa. Ndiyo maana madaktari wakiona mtoto gumba ni zima na vingine vimebaki vifupi, kitu cha kwanza wanachouliza ni baridi."

Baba naye akakunja ngumi yake chini ya meza. Alidhani hatumwoni.

"Sasa hii ya miaka mitano," Truphosa akaendelea. "Sikilizeni. Mfupa wa mtoto haukui kila mahali. Una sehemu laini karibu na kiungo, na mfupa unaongezeka kutoka hapo. Ile sehemu ni dhaifu. Baridi kali inaweza kuiua, na nje usione kitu. Ngozi inapona, mnatoa shukrani, mnasahau. Lakini ndani mfupa umeacha kukua. Mtoto anarefuka, mkono unakua, ile ncha inabaki. Na kama sehemu imekufa upande mmoja tu, upande mwingine unaendelea kukua. Basi kidole kinapinda. Kinaonekana baada ya miaka."

Mama alianza kulia bila sauti. "Mimi nilimkanda," alisema. "Kwa maji ya moto. Kwa mikono yangu hii."

"Mama Gilles, ulimkanda kwa sababu unampenda. Lakini tusifiche. Kidole kilichoganda hakisuguliwi. Mle ndani kuna barafu ndogo ndogo, ukisugua zinakatakata nyama. Na maji ya moto yanaunguza, kwa sababu mtoto hasikii, hawezi kukwambia yamezidi."

"Kwa hiyo tungefanya nini?"

"Unamwingiza ndani. Unamvua vitu vilivyolowa. Unaweka maji ya vuguvugu kwenye beseni, kama yale ya kuogesha mtoto mchanga. Unapima kwa kiwiko chako. Mikono inakaa humo kama nusu saa, mpaka rangi irudi. Maji yakipoa, unaongeza ya vuguvugu, lakini mkono wake unautoa kwanza. Itamuuma sana, mpe dawa ya maumivu ya watoto. Usisugue. Usipake theluji. Usimweke juu ya jiko. Ukishapasha, vidole visigande tena, maana mara ya pili ni mbaya zaidi. Malengelenge usiyapasue. Yakitoka malengelenge, au vidole vikibaki vyeupe, au hasikii, unaenda hospitali siku ileile. Hujui pa kwenda? Piga 1177, namba ya ushauri wa afya, uliza."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Nikasema, bila kupanga:

"Aliniambia haviumi tena. Kule kilimani. Nikafurahi."

Wote wakageuka. Kwa miaka mitano sikuwa nimemwambia mtu.

"Maumivu yakiisha ghafla na bado uko kwenye baridi, hiyo ndiyo hatari," Truphosa akasema taratibu. "Hukujua. Ulikuwa mtoto."

"Kumbe na wewe!" Baba akanipandishia sauti.

"Shemeji, hapana. Hapa hatugawi makosa kama nyama ya sikukuu, kila mtu na kipande chake. Tunaongea habari ya mkono. Huyu ana miaka kumi, bado anakua. Kidole kinaendelea kupinda. Mnangoja nini?"

Baba akasema neno moja tu. "Socialen."

Truphosa akaweka kikombe chini. "Sitakudanganya. Mfanyakazi wa hospitali akihofia kwamba mtoto anaumizwa, lazima aripoti. Mimi pia. Hiyo ni sheria, na ni sheria nzuri. Lakini mtoto kuganda vidole akicheza theluji? Waswidi wenyewe wanaletwa. Sasa wewe ukienda pale useme alizaliwa hivyo, na picha ya mifupa inasema kingine, hapo ndipo watajiuliza unaficha nini. Na hivyo vijiti vya aiskrimu, tafadhali. Kidole kimevimba."

"Vijiti niliviosha," Baba akasema.

Belyse akacheka. Ilikuwa muda mrefu hajacheka mkono wake ukiwa mezani.

Kupata nafasi kwa daktari wa mikono kulichukua wiki tano. Siku hiyo Baba alivaa suti ya kanisani. Tulipanda treni kutoka Norsborg mpaka mjini. Mama alikuwa kazini, basi nilikwenda mimi.

Belyse alipigwa picha ya mifupa. Halafu tukaingia kwa daktari, mama mmoja mrefu mwenye nywele fupi. Mkalimani alikuwa kwenye simu juu ya meza, mzee wa Kirundi mwenye kikohozi. Ni bure, hospitali ndiyo inalipa. Daktari akauliza, na mkalimani akatafsiri:

"Mkono huu uliumia lini, na vipi?"

Maneno yaleyale ya barua. Lini na vipi.

Baba akaangalia simu. Akaangalia mlango. Nilijua anachofikiria, kwa sababu na mimi nilikuwa nafikiria. Neno moja tu lingetosha. *Alizaliwa hivyo.* Tungetoka, tungepanda treni, tungerudi nyumbani tukiwa wote.

Belyse alikuwa ameuweka mkono wake chini ya taa ya daktari. Hakuuficha. Alikuwa anamwangalia Baba.

Baba akavuta pumzi. Akaanza kuongea Kirundi, na mkalimani akawa anamfuata. Akaeleza kilima. Akaeleza glavu. Akaeleza maji ya moto na chumvi. Akaeleza malengelenge. Mwisho akasema, "Mke wangu alitaka kuja hospitali. Mimi nilikataa. Niliogopa mtanichukulia watoto."

Mkalimani akakohoa, halafu akatafsiri.

Daktari aliandika. Akauliza kama Belyse anaumizwa na mtu nyumbani. Akamuuliza Belyse mwenyewe, kwa Kiswidi. Belyse akasema hapana, labda vijiti tu. Daktari akageuka kwa Baba. "Asante umeniambia," alisema. "Bila hiyo habari ningetafuta magonjwa ambayo hana."

Akatuonyesha picha. Kwenye mkono wa mtoto mzima, karibu na kila kiungo kuna mstari mweusi mwembamba. Pale ndipo mfupa unakulia. Kwenye ncha za vidole vinne vya Belyse mistari haikuwepo. Kwenye gumba ulikuwepo, umenyooka vizuri.

"Hapa palipofunga hatuwezi kufungua," daktari akasema. "Ncha zitabaki fupi. Vidole vitahisi baridi maisha yake yote, na akiwa mkubwa viungo vinaweza kuuma mapema. Lakini hiki kilichopinda tunaweza kukinyoosha. Na tunaweza kumfundisha kutumia mkono bila maumivu mengi."

Baba akauliza swali moja. "Tungekuja siku ile, angekuwa mzima?"

"Sijui," daktari akasema. "Labda angeumia kidogo kuliko hivi. Labda ingekuwa hivihivi. Lakini asingekaa miaka mitano bila msaada."

Kwenye treni ya kurudi, pale kituo cha Bredäng, Baba akamwambia Belyse, "Nisamehe." Alisema akiangalia dirisha. Belyse akasema, "Okej." Halafu akamuomba amfunge vifungo vya koti. Baba akafunga vyote mpaka cha shingoni, treni ikiwa na joto hivyo.

Mwezi wa nne Belyse alifanyiwa upasuaji. Wakamwekea pini kwenye kidole cha mwisho, na baada ya wiki chache wakaitoa. Kidole hakijanyooka kama rula, lakini hakimpandi mwenzake tena. Kila wiki alikwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya mikono. Shule ikampa kalamu nene na kompyuta ya kuandikia mambo marefu. Mwalimu wake, aliyedhani ni mvivu, alimwomba radhi mbele yetu.

Kukanda kulikoma. Mama alinunua glavu za mfuko, zile Waswidi wanaita vantar. Gumba lina chumba chake, vidole vinne vinalala pamoja vikipashana joto. Belyse ana jozi mbili. Moja ikilowa, anavaa nyingine, ile iliyolowa inakauka. Akianza kusikia baridi anaingia ndani, hasubiri. Vidole bado vinamuuma, lakini anajua afanye nini. Na kanisani anapiga makofi. Yanatoa sauti ya chini kuliko ya wengine, lakini yapo.

Desemba ya mwaka uleule, Jumamosi mchana, simu ililia. Alikuwa mzee Augustino wa kanisani.

"Kuna familia tatu zimefika wiki hii," alimwambia Baba. "Watoto wako nje wanacheza theluji na glavu za kusuka. Nimewaita wazazi wote kwangu. Truphosa anaweza kuja kuwafundisha?"

"Truphosa yuko kazini," Baba akasema. "Nitakuja mimi."

Akakata simu. Mama akatoka jikoni na kijiko mkononi.

"Wewe ukawaambie nini?"

"Niwaambie yaliyotupata."

"Watu wote wale? Watakusema mpaka Pasaka."

"Waniseme. Waniseme wakiwa wamewavalisha watoto vizuri."

Alivaa koti. Halafu akaenda mpaka mlangoni pa chumba cha Belyse, akagonga. Siku hizi anagonga.

"Belyse. Naweza kuwaambia watu habari ya mkono wako?"

Belyse alifikiri. "Ndiyo. Lakini useme yote, Baba. Usiseme baridi tu. Sema na maji ya moto. Sema na hospitali uliyokataa."

"Nitasema."

"Na useme mimi nilikandwa," Mama akaongeza, halafu akajisahihisha, macho chini. "Yaani, useme mimi ndiye nilikanda."

Baba alikuwa anavaa viatu, ameinama. Akainuka, akamwangalia.

"Nitasema tulikanda sote," alisema. "Na kukataa, nilikataa mimi."

Akavuta kofia masikioni, akatoka, akafunga mlango.